Je, Wajua? Busu na Jino: Hofu na Mahaba katika Tamthilia za Wanyonya Damu

Mwandishi anayepewa kazi ya kuiandika upya tamthilia ya mnyonya damu hurithi tatizo ambalo aliyemtangulia hakuwa nalo. Watazamaji wanalijua zimwi kabla halijatokea. Wanajua kilichomo ndani ya jeneza, na wengi wao wamekwisha kumpenda aliyelala humo. Akizidisha mapenzi, hakuna atakayeogopa. Akizidisha damu, hakuna atakayelia. Mambo yafuatayo, mengi yakitoka katika tamthilia ya Kimarekani ya Dark Shadows na ndugu zake, yanaonyesha jinsi waandishi walivyopambana na ugumu huo, na kwa nini wale waliofaulu hawakuipima hofu na mapenzi kana kwamba ni vitu viwili.

Je, wajua kuwa Barnabas Collins aliletwa kwa wiki chache tu?

Dark Shadows ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC tarehe 27 Juni 1966, kila siku ya kazi, mchana. Mtayarishaji wake, Dan Curtis, alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini: alimwota msichana akisafiri kwa treni. Miezi ya mwanzo haikuwa na mnyonya damu hata mmoja. Kulikuwa na familia tajiri ya Collins, jumba lao la Collinwood katika jimbo la Maine, siri nyingi na mizimu michache. Watazamaji walikuwa haba, na tamthilia ilikuwa karibu kufutwa.

Mwezi Aprili 1967, kijana mwenye tamaa aitwaye Willie Loomis alivunja jeneza lililofungwa kwa minyororo akitafuta vito. Mkono ukatoka ukamkaba koo. Ulikuwa mkono wa Barnabas Collins, aliyefungiwa humo tangu karne ya 18. Mwigizaji wake, Jonathan Frid wa Kanada, alikuwa mtu wa jukwaani aliyelelewa na tamthilia za Shakespeare. Mpango ulikuwa Barnabas atishe kwa muda mfupi, kisha achomwe kigingi cha mti moyoni. Badala yake barua za mashabiki zikamiminika, na Frid akabaki hadi tamthilia ilipofungwa tarehe 2 Aprili 1971, ikiwa na vipindi 1,225.

Hapa ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuitengeneza upya hadithi hiyo. Barnabas hakuandikwa awe mpenzi wa mtu. Aliandikwa awe hatari, na watazamaji ndio waliouona upweke ndani ya hatari hiyo. Hofu ilitangulia, mapenzi yakafuata nyuma yake. Toleo jipya haliwezi kuirudia bahati hiyo kwa sababu kila mtu anajua mwisho wake, lakini linaweza kuufuata mpangilio wake.

Je, wajua kuwa penzi la kwanza la Barnabas kwenye kioo lilikuwa utekaji nyara?

Wiki chache baada ya kutoka jenezani, Barnabas alimwona Maggie Evans, mhudumu wa mgahawa, akamwona Josette, mchumba wake aliyekufa zaidi ya miaka 150 nyuma. Hakumchumbia. Alimteka, akamvisha gauni la harusi la Josette, akampa sanduku dogo la muziki na kumlazimisha aitikie jina lisilo lake. Alipokataa, alimfungia katika chumba cha chini ya ardhi.

Kathryn Leigh Scott aliyeigiza Maggie hakumfanya mwanamke huyo kuwa pambo. Maggie anasahau jina lake, analikumbuka, anapigania akili yake, anafikia hata kupanga kumuua aliyemteka. Hatimaye anatoroka kwa msaada wa mzimu wa Sarah, dada mdogo wa Barnabas mwenyewe.

Chunguza kilichomo katika kisa hicho. Kila kifaa cha mahaba kipo: gauni, muziki, mishumaa, mwanamume anayeapa kwamba amengoja karne nzima. Na kila kimoja kimekuwa kifaa cha mateso. Sanduku la muziki linatisha kuliko meno, maana linatumiwa kufuta nafsi ya mtu. Mwandishi hakuweka tukio la hofu halafu tukio la mapenzi. Aliandika tukio moja, na watu wawili waliomo wanaliona kwa macho tofauti. Barnabas anaamini anapenda. Maggie anajua anaangamizwa.

Je, wajua kuwa sababu ya laana ilifichwa kwa miezi saba?

Mtazamaji wa 1967 aliishi na Barnabas tangu Aprili hadi Novemba bila kuelezwa alivyopata kuwa hivyo. Kisha tamthilia nzima ikarudishwa nyuma hadi mwaka 1795, ikakaa huko kwa zaidi ya miezi minne. Tukamwona Barnabas akiwa binadamu: kijana mpole, mwenye aibu kidogo, anayemngoja Josette du Pres kutoka kisiwa cha Martinique. Tukamwona pia Angelique, mtumishi wa familia ya Josette na mchawi, ambaye Barnabas aliwahi kuwa naye kimapenzi kisha akamtupa kana kwamba hakumaanisha kitu.

Angelique, aliyeigizwa na Lara Parker, alimlaani si tu aishi kwa damu, bali kila atakayempenda afe. Laana hiyo ndiyo kazi bora ya uandishi katika tamthilia nzima. Kuanzia hapo hakuna tena mvutano kati ya hofu na mahaba, kwa kuwa kimoja ndicho kinachozaa kingine. Barnabas akipenda zaidi, hatari inakua. Josette anapooneshwa maono ya atakavyokuwa akimfuata mchumba wake, anajirusha kutoka kwenye jabali la Widows' Hill hadi kwenye miamba ya baharini.

Miezi saba ya kungoja pia ilikuwa na kazi. Laiti kisa cha Josette kingesimuliwa siku ya kwanza, ukatili dhidi ya Maggie ungekuwa na udhuru tayari. Kwa kuwa udhuru ulikuja mwisho, mtazamaji alilazimika kuhuzunika kwa ajili ya mtu ambaye alikwisha kumchukia kwa haki. Hisia hizo mbili zikabaki pamoja kifuani, wala hakuna iliyoifukuza mwenzake.

Je, wajua kuwa tamthilia hii ilionyeshwa wakati watoto wanatoka shule?

Kwa muda mrefu muda wake ulikuwa saa kumi alasiri, na watu wazima wengi wa Marekani leo wanakumbuka kukimbia nyumbani na madaftari mkononi ili wasikose. Muda huo uliwafunga mikono waandishi: damu ilibidi iwe kidogo. Wakategemea kubweka kwa mbwa gizani, mlango unaosita kufunguka, na muziki wa Robert Cobert. Kwa miezi mingi hata jina la aina ya kiumbe huyo halikutamkwa na mhusika yeyote. Kizuizi hicho kiliisaidia hadithi, kwa kuwa mahaba na hofu vyote hukua penye kungoja.

Je, wajua kuwa Barnabas huyohuyo aligeuzwa kuwa muuaji tu katika filamu ya 1970?

Tamthilia ikiwa bado hewani, Dan Curtis alitengeneza filamu ya sinema, House of Dark Shadows, akimtumia Frid yuleyule, Maggie yuleyule na jumba la Lyndhurst kule Tarrytown, New York. Ilidumu saa moja na nusu na dakika chache. Damu ilimwagika kwa kiasi ambacho televisheni ya mchana isingethubutu, familia ya Collins ikateketea karibu yote, na Barnabas akauawa mwishoni.

Mtayarishaji hakubadilika, mwigizaji hakubadilika. Kilichobadilika ni urefu. Katika dakika tisini na ushei hakuna nafasi ya mtazamaji kumchukia mtu, kumzoea, kumhurumia, kisha kujutia huruma yake. Zimwi linalokuja sebuleni kila siku huwa mtu wa nyumbani. Zimwi la jioni moja hubaki zimwi.

Hata hivyo filamu hiyo ilikuwa na tukio moja la thamani kubwa. Daktari Julia Hoffman, aliyeigizwa na Grayson Hall, anamtibu Barnabas kwa sindano ili arudi kuwa binadamu, huku naye akimpenda. Akigundua kuwa Barnabas anampenda Maggie, anamchoma sindano inayomzeesha ghafla. Mzee huyo, aliyepakwa sura na fundi Dick Smith, anamnyonga. Hofu kubwa kabisa ya filamu haikutoka makaburini, ilitoka kwenye wivu wa mtu aliyekuwa akisaidia.

Je, wajua kuwa kitabu cha Dracula hakina mpenzi aliyepotea?

Wengi wanaamini kwamba Dracula alivuka bahari kumfuata mwanamke aliyefanana na mkewe wa zamani. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 jambo hilo halipo kabisa. Dracula wa Stoker ana nyusi nene, masikio yaliyochongoka, nywele viganjani na pumzi inayonuka. Anakwenda Uingereza kutafuta damu na mamlaka. Mina Harker kwake ni windo, na pia njia ya kuwaadhibu wanaume wanaompinga.

Penzi lililozaliwa upya liliingia kwa mlango wa televisheni. Mwaka 1974 Dan Curtis, akiwa ametoka kwenye Dark Shadows, alitengeneza Dracula ya televisheni iliyoandikwa na Richard Matheson, Jack Palance akiwa Dracula. Humo Lucy anafanana na mke wa Dracula aliyekufa zamani. Mwaka 1992 Francis Ford Coppola naye, kwa skripti ya James V. Hart, alimpa Winona Ryder nafasi mbili: Mina, na Elisabeta wa karne ya 15. Tangu hapo ni vigumu kumkuta Dracula asiye na jeraha la mapenzi.

Mizizi ya wazo lenyewe inakwenda mbali zaidi. Katika filamu The Mummy ya 1932, maiti ya kale ya Misri iliyoigizwa na Boris Karloff inaamka kumtafuta mpenzi wake katika mwili wa mwanamke wa kisasa. Mwandishi wa skripti hiyo, John L. Balderston, ndiye aliyeshiriki kuitayarisha Dracula ya jukwaa la New York mwaka 1927. Na kabla yake, mwaka 1887, H. Rider Haggard alichapisha riwaya ya She, ambamo malkia Ayesha amengoja zaidi ya miaka 2,000 mpenzi wake arudi akiwa na mwili mwingine. Haggard alimweka Ayesha katika mapango ya bara letu, ndani kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

Kuna hatari katika wazo hilo, na mwandishi wa toleo jipya anapaswa kuikabili waziwazi. Mwanamke anayependwa kwa kuwa anafanana na marehemu hapendwi yeye. Toleo linalosahau hilo humgeuza mwanamke kuwa picha ukutani. Toleo linalolikumbuka hupata chemchemi ya hofu isiyokauka: kutazamwa na mtu anayekuangalia usoni ilhali anamwona mwingine.

Je, wajua kuwa Mwafrika alitangulia kupewa huzuni hiyo kabla ya Dracula?

Mwaka 1972, miaka miwili kabla ya Palance, ilitoka filamu ya Blacula. William Marshall, mwigizaji mwenye sauti nzito na heshima ya jukwaani, aliigiza Mamuwalde, mwana wa mfalme wa Kiafrika anayekwenda Transylvania mwaka 1780 kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anamdhihaki, anamng'ata na kumfungia jenezani, na mkewe Luva anaachwa afie pembeni yake. Akiamka Los Angeles, anakutana na Tina, aliye sura moja na Luva. Wote wawili waliigizwa na Vonetta McGee.

Marshall mwenyewe alisisitiza mhusika wake apewe asili na hadhi, na jitihada hiyo iliiokoa filamu. Unyonyaji wa damu ukasimama sambamba na unyonyaji wa watu. Mamuwalde anaua watu wasio na hatia, na bado tunajua kilichoibwa kwake. Akimpoteza Tina, anatoka mwenyewe kwenda kusimama juani.

Je, wajua kuwa kola ndefu ya Dracula ilikuwa hila ya jukwaani?

Hamilton Deane alipoipeleka Dracula jukwaani Uingereza mwaka 1924, alihitaji mnyonya damu anayeweza kukaribishwa sebuleni. Zile nywele za viganjani na ile harufu zikaondolewa, akavishwa suti ya jioni na joho. Kola iliinuliwa juu nyuma ya kichwa ili mwigizaji aweze kuchomoka na kupotelea kwenye tundu la sakafu bila watazamaji kumwona. Mvuto wa kimapenzi wa Dracula ulianza pale alipovaa nguo za mgeni rasmi.

Je, wajua kuwa jua halikumuua Dracula wa kitabuni?

Dracula wa Stoker anatembea London mchana, akiwa tu amepungukiwa nguvu. Kifo cha juani kililetwa na filamu ya Kijerumani Nosferatu ya mwaka 1922, iliyoongozwa na F. W. Murnau bila kibali cha warithi wa Stoker. Mjane wake, Florence, alishtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, chache zikanusurika. Katika filamu hiyo mwanamke anamshikilia mnyonya damu hadi alfajiri kwa kujitoa awe chakula chake. Sheria hiyo mpya ya jua imewafaa waandishi wa mapenzi kuliko silaha yoyote, kwa sababu inaupa kila usiku wa wapendanao saa ya kufungwa.

Je, wajua kuwa toleo jipya la 1991 lilikumbwa na vita?

Kituo cha NBC kilianza kuonyesha Dark Shadows mpya tarehe 13 Januari 1991, Dan Curtis akiwa usukani tena. Ben Cross aliigiza Barnabas, Jean Simmons alikuwa bibi wa jumba, Barbara Steele alikuwa Daktari Hoffman, na mtoto David alikuwa Joseph Gordon-Levitt, wakati huo akiwa mdogo. Siku chache baadaye Vita vya Ghuba vikaanza, na ratiba za televisheni za Marekani zikavurugwa na taarifa za habari. Tamthilia ilifungwa mwezi Machi, baada ya vipindi 12.

Vita vililaumiwa, na kwa haki. Lakini toleo hilo lilifanya uamuzi mkubwa wa kiuandishi unaostahili kusomwa wenyewe. Joanna Going aliigiza Josette na pia Victoria Winters, mwalimu wa nyumbani ambaye ndiye macho ya mtazamaji. Kwa hiyo mwanamke anayefananishwa hakuwa tena mtu wa pembeni kama Maggie. Alikuwa mhusika mkuu, anayempenda Barnabas bila kujua ni nani. Uamuzi huo uliyapa mapenzi nguvu tangu saa ya kwanza.

Gharama yake ilionekana upesi. Curtis alimwacha Barnabas aue mapema na kwa ukatili, hata binamu wa familia, Daphne, akageuzwa kuwa mnyonya damu. Ila kila Victoria anapotabasamu naye kwenye bustani, mtazamaji anapaswa kusahau wafu wa kipindi kilichopita. Tamthilia ya zamani ilikuwa na miezi ya kuyapatanisha hayo. Ile mpya ilikuwa na saa kumi na kitu, na ikazimwa pale ambapo Victoria ameijua siri, yaani pale ambapo hofu na mapenzi vingekutana uso kwa uso.

Je, wajua kuwa majaribio mengine mawili yalifuata?

Mwaka 2004 kituo cha WB kilitengeneza kipindi cha majaribio, Alec Newman akiwa Barnabas, lakini hakikununuliwa. Mwaka 2012 Tim Burton akatoa filamu, Johnny Depp akiwa Barnabas, iliyoegemea ucheshi. Jonathan Frid alionekana humo kwa sekunde chache kama mgeni karamuni, akafariki mwezi Aprili mwaka huohuo, kabla filamu haijaingia sinema. Kicheko kilimfanya Barnabas apendeke kirahisi mno. Asiyetisha hana cha kusamehewa, na pasipo cha kusamehe mapenzi ya aina hii hukosa uzito.

Je, wajua kuwa kuna waliokataa mahaba kwa makusudi?

Katika riwaya ya Stephen King ya 1975, Salem's Lot, mnyonya damu Barlow ni msemaji fasaha mwenye tabia za kiungwana. Tamthilia ya televisheni ya 1979 iliyoongozwa na Tobe Hooper ilimnyang'anya maneno yote. Reggie Nalder alipakwa rangi ya samawati, akapewa kipara na meno ya panya, bila hata sentensi moja. Mazungumzo yakaachiwa mtumishi wake, James Mason. Ulikuwa uamuzi wa heshima: katika mji ambao jirani anamla jirani, haiba ingeibeba hadithi mahali isipotaka kwenda. Kusawazisha si lazima kuwe nusu kwa nusu.

Je, wajua kuwa furaha ndiyo iliyomgeuza Angel kuwa zimwi?

Buffy the Vampire Slayer ilianza kama filamu ya 1992 iliyoandikwa na Joss Whedon. Hakuridhika nayo, na mwaka 1997 akairudisha kama tamthilia iliyodumu hadi 2003. Humo Buffy, binti wa shule aliyezaliwa kuwaua wanyonya damu, anampenda Angel, mnyonya damu aliyerudishiwa roho yake kwa laana. Sharti la laana ni kwamba akipata hata dakika moja ya furaha kamili, roho itamtoka tena.

Mwezi Januari 1998 walilala pamoja, Angel akawa na furaha, na usiku huohuo akaamka muuaji. Waandishi hawakuishia kwenye tishio. Wiki chache baadaye Angel alimuua Jenny Calendar, mwalimu ambaye watazamaji walikuwa wamemjua na kumpenda tangu msimu wa kwanza. Angel alipokuja kurudishiwa roho, kaburi la Jenny lilikuwa palepale. Huo ndio ujasiri unaokosekana katika matoleo mengi mapya, ambamo mnyonya damu mpendwa huua wapita njia wasio na majina, ili penzi lisichafuke.

Je, wajua kuwa mahojiano mashuhuri zaidi ya mnyonya damu yalihamishiwa Dubai?

Riwaya ya Anne Rice, Interview with the Vampire, ilitoka mwaka 1976. Ilizaliwa katika msiba: binti yake Michele alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1972 akiwa na miaka mitano, umri uleule wa Claudia, mtoto mnyonya damu wa kitabuni asiyekua kamwe.

Kituo cha AMC kilipoitengeneza kuwa tamthilia, kuanzia Oktoba 2022 chini ya mwandishi Rolin Jones, mambo mengi yalihamishwa. Louis wa kitabuni, mnyonya damu anayehojiwa, ni mmiliki wa shamba la watumwa Louisiana mwaka 1791. Louis wa televisheni, Jacob Anderson, ni mtu mweusi mwenye biashara katika mtaa wa Storyville, New Orleans, mwaka 1910. Penzi lake na mnyonya damu mwenzake Lestat, aliyeigizwa na Sam Reid, limesemwa waziwazi na si kwa mafumbo. Claudia ana miaka 14, umri wa kutamani mapenzi katika mwili ambao hautakomaa.

Katika kipindi cha tano cha msimu wa kwanza, Lestat anampiga Louis kikatili, anapaa naye angani, kisha anamwachia aanguke. Hakuna joho wala mishumaa ya kufunika jambo hilo. Ni mtu anayempiga mwenza wake nyumbani, na mtoto wao anashuhudia. Mtazamaji aliyekuwa akiushangilia uchumba wao anapaswa kujiuliza alikuwa akishangilia nini.

Nguzo ya mizani hiyo ni mwandishi wa habari, Daniel Molloy. Alimhoji Louis mwaka 1973 akiwa kijana; sasa ni mzee mgonjwa aliyeitwa katika mnara wa Dubai kurudia mahojiano. Louis anasimulia kwa uzuri, na Daniel anamkatiza: ulisema vingine zamani, huyu uliyemuua alikuwa nani? Msimu wa pili, wa mwaka 2024, unarudia baadhi ya matukio kwa kumbukumbu tofauti. Kwa hila hiyo toleo jipya limeligeuza tatizo lake kuwa nguvu. Kwa kuwa sote tunaijua hadithi, tamthilia inahoji jinsi ilivyosimuliwa, na nani alinufaika kuisimulia kama hadithi ya mapenzi.

Je, wajua kuwa simulizi zetu zinazo pande zote mbili, ila zimetenganishwa?

Wakati wa ukoloni, habari za watu wanaokamatwa usiku na kukamuliwa damu zilienea Afrika Mashariki: mumiani upande wa pwani, wazimamoto Nairobi na Kampala. Mwanahistoria Luise White alizikusanya na kuzichambua katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, akazisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyouelewa utawala wa kigeni. Mumiani hapendi mtu. Ana mshahara, ana gari, ana bosi. Hofu yake ni kavu, na hakuna aliyewahi kutamani aje dirishani.

Upande wa pili yupo jini mahaba. Anampenda binadamu, anamwonea wivu, anamharibia uchumba na ndoa, na anayependwa huweza kudhoofika mbele ya ndugu zake. Filamu ya Kitanzania ya Shumileta, ya Mussa Banzi, ilimleta jini wa kike anayempenda mwanamume wa kibinadamu, na watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa sheria za penzi hilo. Tangu utoto tumesikia kwamba kupendwa na kisicho binadamu ni maradhi.

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika tamthilia ya aina hii hana haja ya kuazima ngome ya Transylvania wala jumba la Maine. Anachoweza kujifunza kutoka kwa Angelique, Jenny Calendar na Daniel Molloy ni kazi ya ufundi. Amwandike anayeumizwa akiwa na jina, kazi na watu wanaomngoja nyumbani, kabla hajamwandika anayependa. Asikimbilie kueleza sababu ya ukatili mapema, maana sababu ikitangulia huwa udhuru. Amweke ndani ya hadithi mtu mmoja asiyelewa na uzuri wa mnyonya damu, mwenye haki ya kuuliza maswali. Na kila penzi linapopiga hatua, aandike nani amelipa, kiasi gani, na kama alikubali kulipa. Mwandishi akilijibu hilo kwa ukweli katika kila kipindi, mtazamaji ataogopa na kupenda kwa wakati mmoja, na hatahitaji kuambiwa lini afanye lipi.